Nyumba Iliyozika

Fidelis Gama hakubisha hodi. Alipita sebuleni, akaingia jikoni kwa Mama Ditriki, akafunua sufuria, akachota makande kwa mkono na kuyatupia kinywani yakiwa bado yanatoa mvuke.

"Ndiyo maana Wahehe mlipigwa," alisema huku akihema kwa moto. "Watu wasiojua chumvi watashinda vita gani? Mtumwa wangu, mimi nikiondoka hapa nani anakufundisha kupika?"

Kandida, huyo Mama Ditriki mwenyewe, alimtandika mwiko begani. "Mngoni wewe! Nilisikia vita vimekumaliza nikachinja kuku kwa furaha. Kumbe hata kifo kimekuonja kikatema! Toa mkono kwenye chakula cha watu."

Walicheka mpaka Fidelis akashikwa na kikohozi. Alikuwa msaga nafaka, na mwaka wa kwanza wa vita alichukuliwa kwenda bondeni kusaga unga wa jeshi. Vumbi la mashine likamla kifua, na jeshi lilipoona hana faida tena likamrudisha Nyalulembe kama mtu anavyorudisha gunia tupu. Alifika juzi tu. Na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kufagia nyumba yake, ni kutafuta Mhehe wa kumtukana, kwa sababu Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zao walipigana wakachoka, wakaona bora watukanane mpaka mwisho wa dunia. Mtani haombi, anachukua. Mtani hana mkubwa wala mdogo, hana shikamoo wala samahani. Msiba ukiingia, ndugu wanalia, na mtani anaigiza mwendo wa marehemu hadi wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni.

Saa nane mchana kisemeo kililia.

Kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa alichodarizi Kandida mwenyewe. Kila nyumba iliyotoa askari ilipewa kimoja, kikasha cheusi kama kopo la maziwa, na kila Jumapili mtoto wa nyumba hiyo alizungumza humo kutoka mstari wa mbele. Kandida alivuta kigoda karibu. Binti yake Eletruda alikuja akifuta mikono, akaketi sakafuni.

"Shikamoo, mama," sauti ya Ditriki ilisema.

"Marahaba, mwanangu. Wazima huko?"

"Wazima, mama. Tuko imara. Mvua imenyesha?"

Wakaongea mvua, wakaongea viazi, wakaongea jino la Eletruda. Fidelis alivumilia kidogo tu, kisha akanyoosha mkono wenye makande. "Hebu nipisheni nimsalimie mjinga huyu." Akainamia kisemeo. "We mla mbwa! Bado wapo mbwa huko, au umeshawamaliza?"

Eletruda akaanza kucheka kabla ya jibu, kwa kuwa jibu alilijua. Ditriki alikuwa nalo tangu ana meno ya utoto: mbwa wameisha, nimekubakiza wewe. Angelisema hata kanisani, na padri alishawahi kumfukuza kwa ajili hiyo.

Kisemeo kilinyamaza kidogo.

"Asante kwa kujali lishe yangu, mzee," kilisema. "Chakula ni kizuri na kinatosha."

Fidelis alicheka peke yake. "Mzee? Mimi mzee wako tangu lini? Mtumwa wangu, nasikia mlikimbia adui mkaacha suruali!"

"Pole kwa usumbufu, mzee. Tuko imara."

Makande yaliyobaki mkononi mwa Fidelis hayakwenda kinywani tena. Aliyarudisha kwenye sufuria, punje moja moja.

"Laini mbovu," Kandida aliharakisha kusema.

"Ndiyo. Laini hiyo." Fidelis alisimama, akafunga kifungo cha koti lake, akainamisha kichwa. "Asante kwa chakula, mama. Mbaki salama."

Akatoka. Na hapo ndipo moyo wa Kandida uliporuka. Miaka yote aliyomjua Fidelis Gama, hakuwahi kumuaga kwa adabu.

*

Serikali ilikuwa imeeleza mambo haya vizuri sana, kwa spika, kwenye kila uwanja wa mpira. Anga la mstari wa mbele limeharibika. Sisi tunatupa kelele huko juu ili adui asisikilizane, naye anatupa zake, kwa hiyo maneno ya askari yanafika vipande vipande. Ndiyo maana kila kijana kabla ya kuondoka aliwekwa siku tatu kwenye chumba cha sauti, akiongea na mashine: asome, asali, asalimie, asimulie. Mashine ikimzoea, inaziba palipokatika kwa sauti yake mwenyewe. Waliita kijazio. Watu walipiga makofi.

Mlangoni mwa chumba kulikuwa na askari wa kuhakikisha lugha safi. Ditriki alisimulia hilo akifa kwa kicheko, jinsi mwenzake alivyotolewa kwa sikio kwa kumtania fundi wa mashine. Wakubwa hawakutaka matusi kwenye mtambo wa taifa. Loo, watu wenye adabu kweli! Wanamtoa mtoto wa mtu kwenda kuuawa, lakini matusi, hapana, hayo hawawezi kuyavumilia.

"Ni kama kuziba paa, mama," alieleza Eletruda, aliyekuwa akisomea umeme kwenye chuo cha ufundi cha kata. "Bati likitoboka unaweka kiraka. Likitoboka tena, kingine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka panapohitajika."

"Na siku bati lote likiwa viraka, nani atakuja kuniambia?"

Eletruda alivuta kitambaa, akakifunika kisemeo.

*

Jumanne alikuja Afande Chediel, mwandikishaji wa wilaya, kijana mtanashati mwenye viatu vinavyong'aa ambaye tope la Nyalulembe lilikuwa linamkera waziwazi. Hakukaa. Alisema wito wa pili umetoka, kila nyumba inatoa mtu wa pili, na kwa nyumba hii ni Eletruda. Gari litapita Ijumaa.

Kandida alimsogelea. "Afande, nimeshatoa mmoja."

"Sheria inataka wawili, mama. Imesamehe nyumba iliyozika askari tu. Wewe umezika?"

"Mwanangu hasikiki vizuri. Anaongea kama mtu mwingine."

"Anaongea kama askari." Afande alitoa ufunguo mdogo mfukoni, akaugusisha kwenye kisemeo. "Tumuulize mwenyewe."

"Leo Jumanne," alisema Kandida. "Mlituambia laini inafunguka Jumapili tu."

"Shikamoo, mama!" sauti ya Ditriki ilisema papo hapo, changamfu, kama iliyokuwa imekaa nyuma ya mlango ikisubiri kuitwa. "Nimesikia habari za Eletruda. Mwache aje, mama. Usiwe na wasiwasi. Nitamtunza mdogo wangu."

Hebu fikiria. Kumtumia mtoto kumwita mdogo wake, kwa sauti ileile aliyokuwa akimbembelezea akiwa mchanga mgongoni. Damu ilimchemka Kandida hadi macho yakamwingia ukungu. Ditriki alipoondoka alimvuta mama yake kando, akamshika mikono yote miwili, akamwambia: mimi niende, lakini huyu asiende, mama, nakuomba, huyu asiende.

"Toka nyumbani kwangu," alisema.

"Mama, usinipandishie sauti. Mimi natekeleza sheria."

"Sheria imekukuta huna mama? Toka!"

Afande alitoka. Lakini kizingitini aligeuka kukumbusha, Ijumaa, na aje na blanketi.

*

Kwenye banda la kukaushia viazi vya jeshi, wanawake wa Nyalulembe walikuwa wakimenya na kukata tangu asubuhi. Kandida aliketi karibu na Mama Osmundi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akachukua kisu.

"Mama Osmundi, mwanao anasemaje siku hizi?"

"Ah, we acha tu!" Mama Osmundi aling'ara uso. "Yule mtoto aliyekuwa na mdomo kama jaa, sasa anaongea kama katekista. Shikamoo mama, asante mama. Jeshi limemfunza adabu."

"Hata wangu," alidakia mmoja.

"Wangu anasema tafadhali! Wa kwangu mimi!"

Wakacheka kwa fahari, banda zima. Kandida aliwatazama. Hilo ndilo kosa walilofanya wote, naye akiwemo. Walisikia watoto wao wamekuwa na adabu wakamshukuru Mungu, wakajisifu sokoni na kanisani. Kila mmoja alimpigia mwenzake vigelegele kwa jambo ambalo lingepaswa kumfanya apige yowe.

"Na chakula?" aliuliza. "Wanasemaje juu ya chakula?"

"Kizuri na kinatosha," walijibu watatu kwa pamoja.

Wale watatu walitazamana.

"Mama Osmundi," Kandida alisema taratibu, "mlete Fidelis amtanie. Umsikilize anavyojibu."

Kisu cha Mama Osmundi kilisimama. "Unataka kusema nini?"

"Sisemi. Nasema msikilize."

"Usinililie mtoto wangu akiwa hai!" Mama Osmundi aliinuka, na viazi vikamwagika kutoka mapajani. "Wako akiwa na matatizo, ni wako! Mchawi mkubwa wewe! Usinifuate nyumbani kwangu!"

*

Alhamisi Eletruda alifungua kisemeo kwa bisibisi, akaunganisha nyaya mbili, na taa yake ikawaka. Hakukuwa na ugumu wowote. Ilimuuma kuona ilivyokuwa rahisi.

"Mama, nisikilize kwanza," alisema. "Mimi naweza kwenda. Nikienda, labda nitamkuta."

"Utamkuta wapi?"

"Na kama katika maneno mia kuna moja lake? Moja tu, mama. Tukimzika tutakuwa tumelizika na hilo. Na kama yuko hospitali? Kama ametekwa? Tutamwambia nini akirudi akute kaburi?"

Kandida alijua binti yake anasema kweli, na alikasirika kwamba anasema kweli. Walichowatendea ni hicho. Hawakumuua mtoto tu, wamechukua hata uhakika wa kifo chake wakaufungia kabatini, na sasa mama ndiye anayetakiwa kunyoosha kidole aseme huyu amekufa. Akikosea, atakuwa amemzika mwanawe akiwa hai. Akinyamaza, kesho watamchukua wa pili, na baada ya hapo kabatini patakuwa na visemeo viwili vyenye adabu.

Akasogeza kigoda.

"Ditriki."

"Shikamoo, mama."

"Mwanangu, kama upo humo, nitukane."

"Samahani, mama?"

"Nitukane. Tusi lolote. Niambie makande yangu hayana chumvi. Niambie nimekuwa na roho mbaya, niambie nilikuchapa bure siku ile ya mbuzi. Nikasirikie, Ditriki! Niambie kitu kimoja kibaya!"

Taa ya kisemeo ilimetameta.

"Nakupenda, mama," kilisema.

Kandida alilia hapo hapo, kwa sauti, mikono kichwani. Ditriki hakuwahi kumwambia neno hilo tangu azaliwe. Alikuwa anapasua kuni, anazipanga chini ya dirisha lake, anaondoka bila kuaga. Hilo ndilo lilikuwa neno lake.

Alipomaliza kulia alifuta uso kwa khanga. "Kamwite Fidelis," alimwambia Eletruda. "Mwambie kuna msiba."

*

Ijumaa asubuhi kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, dogo, la kikasha. Majirani walikuja, wengine kwa huruma, wengine kuona mwanamke aliyerukwa na akili. Mama Osmundi alisimama upande wake wa ukuta akiwa amekunja mikono.

Fidelis alifanya kazi yake. Alitumbukiza miguu kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe kuku wa kumkomboa. Akaigiza mwendo wa Ditriki, ule wa mabega mbele kama anayesukuma gari bovu. Akaigiza alivyokuwa akijificha, siku alizomsaidia kazi, mashine ya kusaga ilipotaka kufanyiwa usafi. Watu walicheka wakajizuia, wakacheka tena. Kandida naye alicheka, na kifua chake kikafunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Ndipo gari la Afande Chediel lilipoingia uani.

"Nani amekufa hapa?"

"Ditriki Kihwelo," alisema Kandida. "Mwanangu wa kwanza."

"Mama, acha mchezo! Jumanne ulimsikia kwa masikio yako. Kumzika mtu aliye hai ni kosa. Wakati wa vita ni uhaini!"

"Basi mlete."

"Yuko mstari wa mbele."

"Mlete. Simtaki akae. Asimame hapa kwenye udongo huu, mtani wake amwite mla mbwa, naye ajibu. Akijibu nitapanda gari lako mimi, na binti yangu, na kuku wangu. Mlete tu, Afande."

Afande aliangalia watu. Walikuwa wameacha kucheka. Alisogea pembeni, akatoa redio, akaongea na mtu, akasubiri, akaongea tena. Aliporudi shingo yake ilikuwa na jasho, na Nyalulembe hakuna joto.

"Taarifa zake zinashughulikiwa."

"Sikuuliza taarifa. Nimeuliza mtoto."

"Nipe hicho kisemeo. Ni mali ya jeshi."

Kandida alipiga magoti, akakishusha kaburini kikiwa ndani ya kitambaa chake. Afande, kuona hivyo, alichomoa ule ufunguo, akaunyoosha juu ya shimo, na taa ikawaka chini ya kitambaa.

"Mama," sauti ya Ditriki ilisema kutoka ardhini. "Mama, mimi mzima. Usinizike, mama."

Wanawake walipiga mayowe. Eletruda aliziba masikio. Udongo ulianza kumponyoka Kandida katikati ya vidole. Sauti ilikuwa yake. Hata ule mkwaruzo wa kooni ulikuwa wake. Nani katika dunia hii, mwenye moyo wa kuzaa, angemwaga udongo juu ya sauti ile?

"Usinizike, mama. Eletruda, mwambie mama. Mzee Fidelis, tafadhali, naomba umshauri mama."

Fidelis aliinua kichwa. "Mmesikia?" alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye ndevu. "Tafadhali! Mla mbwa huyu, mimi, ananiambia tafadhali!"

Kandida alifumba macho, akamwaga udongo.

Eletruda alimwaga wake. Majirani wakafuata mmoja mmoja, kimya, na sauti iliendelea huko chini, ikiomba kwa adabu, kila mara ikisikika kwa mbali zaidi, hadi Fidelis alipoleta beleshi na kumaliza.

Kandida alisimama. Magoti yake yalikuwa na tope. "Afande, sheria inasema nyumba iliyozika. Hili ni kaburi la askari. Kama unalo lingine lake, lenye mwili, tuonyeshe twende tukalifukie vizuri. Kama huna, hili ndilo."

Afande Chediel alimtazama Eletruda na blanketi lake lililokunjwa kizingitini, akawatazama watu, ambao walikuwa wamesogea bila kuambiwa na mtu, wakasimama kati yake na mlango. Akarudi kwenye gari. Alijaribu kuliwasha mara mbili kabla halijakubali.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walikaa kwenye mikeka, wakamlilia Ditriki kama mtu anavyopaswa kuliliwa.

Mama Osmundi hakuwapo tena ukutani. Kandida alidhani ameondoka kwa hasira. Lakini baada ya muda alikuja kwa njia ya uani, polepole, amebeba kitu kifuani ndani ya khanga, kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Alipita katikati ya watu bila kumsalimia yeyote. Alifika mbele ya Fidelis, akafunua khanga.

"Mtani," alisema. "Mtani, nitukanie na wa kwangu."

Fidelis alitazama kile kikasha, akamtazama mama. Alijaribu kusema kitu akakohoa. Eletruda alikichukua, akagusisha nyaya, na taa ikawaka.

"Osmundi," Fidelis alisema. "Mhehe mwenye kichwa kama kibuyu cha ulanzi. Nani alikuruhusu kwenda vitani na sura hiyo, unataka adui afe kwa kucheka?"

Walisubiri wote. Mama Osmundi alikuwa akisogeza midomo, akimtajia mwanawe jibu.

"Shikamoo, mzee," kisemeo kilisema. "Asante kwa kunikumbuka."

Mama Osmundi aliketi chini, palepale alipokuwa, juu ya udongo mpya. Eletruda aliweka kikasha mapajani mwa mama huyo, akachukua jembe, akaanza kuchimba.